Viatu vya Mungai na Mstari wa Wale Sabini

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimesoma Biblia nzima mara mbili, mwanzo hadi mwisho, bila miwani.

Haya. Nimesoma Mwanzo mpaka pale majina ya watoto wa watu yanapokuwa mengi kuliko watu wenyewe, nikaruka hadi zile ramani za nyuma. Na miwani nilikuwa nayo, ya Waceke. Lakini ramani nilizisoma vizuri sana.

Naandika kwa sababu nina shida. Mjukuu wangu Janice anaolewa Jumamosi ya tarehe 16. Baba yake, mwanangu Norman, tulimzika miaka sita iliyopita. Kwa hivyo mwezi uliopita Janice alinishika mkono akaniambia, Guka, babu yangu, ni wewe utanipeleka mbele. Sikulia. Kulikuwa na moshi jikoni.

Leo Waceke, mama yake Janice, amerudi kutoka kanisani amekunja uso. Kumbe kuna sheria. Anayempeleka bibi harusi mbele lazima awe mtu wa Meza ya Bwana. Mimi Mezani niliondolewa, huu ni mwaka wa tatu. Sababu ni jogoo.

Nieleze habari ya jogoo, maana mtaani inasimuliwa vibaya. Siku ya mavuno kila mtu hupeleka kanisani alichovuna. Mahindi, ndizi, kuku. Baada ya ibada vinapigwa mnada kusaidia kanisa. Mwaka ule mimi sikuwa nimevuna kitu. Asubuhi nikakuta jogoo amesimama uani kwangu, mnene, hana haraka. Nikasema huyu ametumwa. Nikampeleka. Kumbe ni wa Mungai, jirani yangu wa ua kwa ua, na Mungai ndiye aliyekuwa anapiga mnada. Alimwinua juu, akaanza kumsifu manyoya, halafu akanyamaza. Jogoo naye akamtambua mwenyewe, akawika. Mbele ya watu mia tatu.

Sasa Mungai ni mzee wa kanisa. Na Waceke anasema nisiporudi Mezani kabla ya harusi, Mungai ndiye atakayemshika Janice mkono, kwa kuwa ndiye aliyemsimamia Norman siku ya ubatizo.

Mungai! Na vile viatu vyake vya kahawia vinavyolia kama bata.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeenda kumwona Mchungaji Lornah. Ana umri wa kitinda mimba wangu lakini anakutazama kama hakimu. Nikamwambia nimetubu. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu jana saa kumi. Akacheka kidogo, nikadhani nimepona.

Sikupona. Amenipa mstari. Luka sura ya kumi, pale Yesu anawatuma wale sabini, wawili wawili, kwenda kwa watu. Anasema niuishi wiki hii. Niende nyumba moja kama wale walivyoenda, na Jumapili nisimame mbele ya kanisa niseme nimeelewa nini kuhusu kuwa mfuasi. Na mwenye nyumba aje athibitishe kwa kinywa chake. Nikifaulu, narudi Mezani na Janice ninampeleka mimi. Nisipofaulu, basi.

Nikauliza, wawili wawili, mimi na nani? Akasema, na Mungai. Nikamwambia wale sabini hawakupewa watu wenye kinyongo cha kuku. Akasema, ungejuaje, Guka, na wewe umesoma ramani tu.

Nani alimwambia habari ya ramani? Niliiandika hapa peke yake. Waceke anasoma daftari hili. Waceke, wacha.

Nikarudi nyumbani nikaukalia huo mstari mchana kutwa. Nashangaa hakuna mtu alinionyesha mapema, maana umeandikwa kwa ajili yangu. Usibebe mfuko. Sina. Usibebe viatu. Ninavyo viwili tu na nimevivaa. Ukiingia nyumba ya mtu, itakie amani. Ni rahisi, amani hainunuliwi. Kaa nyumba hiyo hiyo, ule wanachokupa, kwa sababu mtenda kazi anastahili. Nani atakataa? Na kilichonifurahisha kuliko vyote: usimwamkie mtu njiani.

Miaka sabini na minne nawaamkia watu wa Riruta. Habari ya asubuhi, habari ya goti, ng'ombe alizaa, mama alipona. Duka liko mita mia mbili na kufika ni nusu saa. Leo nimepata ruhusa kutoka juu.

Nimeanza papo hapo. Nimeenda dukani kununua chumvi na kurudi, nimewapita watu kumi na mmoja. Gichuru kinyozi alinyoosha mkono, ukabaki hewani. Ajwang muuza samaki alisema mzee habari yako, nikatazama mbele kama ng'ombe aliyeona nyasi. Dakika nne kwenda na kurudi.

Ufuasi ni mtamu. Hawa watu wanaolalamika kwamba msalaba ni mzito wanausoma wapi?

Jumatano, 6 Agosti

Nilikuwa bado kitandani, maana baridi ya mwezi huu haina adabu, nikasikia wimbo mlangoni. Ule wa polepole. Wa wagonjwa.

Wakaingia wanawake saba, Ajwang mbele. Uji wa mtungi mzima, maziwa, nduma za kuchemsha, machungwa kwenye wavu kama ya hospitali. Wakanizunguka. Ajwang akawaeleza wenzake kwa sauti ya chini, ile ya chini inayosikika barabarani, kwamba jana alinisalimia uso kwa uso na mdomo haukufunguka, jicho moja tu likacheza. Ni kiharusi. Hata Gichuru kinyozi ameshuhudia kwamba mkono wa kulia hauinuki tena.

Mtaa huu mtu asiyesalimia ana mambo mawili tu, ama ana kiburi ama anakufa. Kwa huruma yao walinichagulia la pili.

Ningeweza kusema ukweli. Nilifungua mdomo kabisa niuseme. Ajwang akatia uji. Basi nikaukumbuka mstari, kula wanachokupa, nikala. Nduma nne. Nikaegemeza kichwa upande mmoja, kwa heshima yao, wasione wamekuja bure. Mmoja akanipangusa kidevu. Ni miaka mingi sijapanguswa kidevu.

Hapo Janice akaingia mbio. Anafanya kazi mapokezi katika hospitali moja huko Upper Hill. Mtu alimpigia simu kwamba Guka hazungumzi tena. Aliwaacha watu kwenye foleni, akaja na boda, kiatu kimoja kina matope mpaka kisigino. Akapiga magoti kando ya kitanda, akashika ule mkono unaosemekana hauinuki, akasema, Guka, tafadhali usiniache wiki hii. Ngoja nipite na wewe pale mbele, mara moja tu.

Nikamwambia naweza kungoja hata mwaka mzima kama kuna nduma.

Ajwang akachukua mtungi wake. Akachukua na machungwa. Akachukua hata nduma iliyokuwa mkononi mwangu, imeumwa upande. Akasema amezika wanaume wawili na hakuna aliyemchosha kama mimi niliye hai. Waceke amefungia sukari kwenye kabati na ufunguo ameuning'iniza shingoni.

Janice alijipangusa uso, akarudi kazini. Afadhali angenitukana.

Nimeona haya kwa muda mrefu. Karibu saa nzima.

Alhamisi, 7 Agosti

Mungai alikuja saa tatu kamili, begi mgongoni. Ndani yake: themosi ya chai, mkate na mayai, mwavuli, koti la pili, Biblia mbili, na karatasi ya choo. Nikamwambia mstari unasema tusibebe mfuko. Akasema mstari haukuandikwa mwezi wa Agosti. Nikamwambia basi avue viatu. Akasema nianze mimi.

Njiani alisalimia kila mtu, kwa makusudi, huku akinitazama. Gichuru akamwuliza kama mgonjwa ameruhusiwa kutembea.

Nilichagua Karen, mtaa wa matajiri. Mungai akauliza kwani Riruta hakuna nyumba. Nikasema roho za watu wa Karen zimesahaulika. Ukweli ni kwamba kama utakula unachopewa, ni vizuri uchague wa kukupa.

Geti la kwanza tu. Refu kama la jela, na soja ndani ya kibanda, jina kifuani Muasya. Nikamwambia tumeleta amani kwa nyumba hii. Akauliza kama ni mzigo ulioagizwa na namba yake ni gani. Nikasema sisi tumetumwa. Akauliza na nani. Nikasema ajue habari hizi ziko kwa Luka. Akapekua kitabu cha wageni kurasa tatu, kidole kwenye mstari, akasema pole wazee, Luka hajaacha ujumbe.

Ila alikuwa kijana mwenye adabu. Akabonyeza ile simu ya ukutani akasema kuna wazee wawili hapa, mmoja ana begi, wanauliza kama wanaweza kukaa. Sauti ya mama ikajibu kwamba hawahitaji mtunza bustani.

Mungai alikuwa karani wa halmashauri miaka ishirini na mitano. Alivimba shingo. Mimi nikamwuliza Muasya kama mtunza bustani wa hapa hupikiwa au hujipikia. Mungai akanivuta mkono.

Sasa, mstari unasema ukikataliwa ukung'ute vumbi la miguu yako. Shida ni kwamba Karen mwezi huu hakuna vumbi. Ni matope. Mungai akapiga mguu chini kwa hasira zote za mitume, kiatu cha kahawia kikazama kando ya lami, mguu ukatoka peke yake. Akabaki amesimama na mguu mmoja kama korongo, soksi ina tundu, kidole gumba kinachungulia. Nilicheka mpaka nikashikilia ukuta wa watu.

Lakini niandike yote. Aliyekitoa kiatu ni mimi. Nilipiga magoti na goti langu hili, nikazamisha mkono hadi kiwiko, nikakivuta, nikakipangusa kwa nyasi. Kiatu kizuri, jamani. Ngozi laini, soli ya kushonwa kwa mkono. Nilikishika kwa muda mrefu kidogo kupita kiasi.

Mungai akasema asante kwa shida, kama mtu anayetema mfupa wa samaki. Akasema sasa ana deni langu dogo. Siku yoyote nimwombe jambo dogo, hatakataa. Isipokuwa jogoo.

Tulikunywa chai yake kando ya barabara, chini ya mwavuli wake. Mayai yalikuwa na pilipili manga. Sikuutaja tena mfuko.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku mbili zimebaki na sina nyumba. Nikamkumbuka Inderjit.

Inderjit ana duka la vipuri vya magari mjini. Stoo yake niliilinda miaka thelathini, mpaka goti likakataa ngazi. Ni mzee kama mimi, Singasinga, kilemba cha bluu, ndevu nyeupe mpaka kifungo cha tatu. Anaishi Westlands na mkewe Jyoti. Mtoto wao Viraj alienda Kanada.

Nikapata wazo, nikaanza kuimba peke yangu. Mwaka huu Mungai amejisifu kwamba ameleta watu wanne kanisani. Wote wanne walikuwa Wakristo tayari, walihama tu kutoka kanisa la ng'ambo ya barabara. Mimi nitaleta Singasinga mzima na kilemba chake. Mungai atafute pa kuweka uso.

Mlangoni Jyoti akasema viatu nje. Nikamgeukia Mungai nikamwambia, umeona, hata hawa wanaujua mstari. Mungai akavua kwa uchungu, akaviweka vyake mbali na vyangu, kama vyangu vina homa.

Nikaingia nikasema, amani iwe nyumbani humu. Inderjit akashusha gazeti. Akasema, Njuguna, miaka thelathini wewe iko ingia kwangu na neno moja tu, nipe. Leo iko nini?

Nikamweleza mstari wote. Sehemu ya kumbadilisha dini niliiruka, hiyo ningeileta polepole baada ya chakula. Jyoti akaleta chapati, dengu, viazi vya mchuzi na achari ya maembe. Nikala nilichopewa. Nikala na cha Mungai, maana achari ilimshinda, alikuwa anatoa machozi na kusema ni tamu sana mama.

Saa kumi Mungai akasema twende. Nikasema haiwezekani. Mstari unasema mkae nyumba hiyo hiyo, msihamehame. Mimi niko hapa mpaka Jumapili. Jyoti akamtazama Inderjit. Inderjit akatazama dari. Hakuna aliyesema hapana, na mimi nikahesabu hiyo kuwa karibu.

Mungai akatoka kuvaa viatu. Havikuwepo.

Nilikuwa nimevihamisha wakati wa chai, nyuma ya chungu kikubwa cha maua. Si wizi. Ni mafundisho. Mtu amebeba begi, mwavuli na koti la pili, angalau atii sehemu moja. Alitafuta mpaka chini ya gari. Jyoti aliona aibu, akamlaumu mbwa wa jirani, akampa Mungai slipa zake mwenyewe, za rangi ya waridi, zina ua hapa katikati ya vidole. Nilimtazama dirishani mpaka akapinda kona.

Amani ilijaa nyumba yote.

Jumamosi, 9 Agosti

Nilipewa chumba cha Viraj. Kitanda cha ukubwa wa shamba. Nikaamka nikajilaza kungoja kifungua kinywa, kama mtume.

Jyoti akabisha. Akauliza, ule mstari wako ulisema nani anastahili kula? Nikasema mtenda kazi. Akasema vizuri, akaenda, akarudi na gunia la minji, zile njegere za kumenya maganda.

Nimemenya minji kuanzia saa mbili hadi saa saba. Vidole ni vya kijani mpaka sasa. Nilimweleza kwamba kazi inayosemwa pale ni ya kuhubiri. Akasema nihubiri, minji haimenywi kwa mdomo. Haya. Nikahubiri nikimenya. Nikaanza na Yona, kwa kuwa kila mtu anapenda samaki yule, lakini njiani nikachanganya na Nuhu, Yona akajikuta ndani ya safina pamoja na samaki wake, na sikujua nitamtoa vipi. Jyoti alicheka mpaka sufuria ikapinduka. Tukaokota minji chini ya meza, wazee wawili tunatambaa.

Akaniambia Viraj alikuwa anamenya akiketi hapo hapo nilipoketi, na nusu ya minji inaishia tumboni. Mwaka wa nne huu hajarudi. Anapiga simu Jumapili, dakika sita, na nusu yake ni kuulizana kama mnasikika.

Inderjit alikuwa amesimama mlangoni. Nikadhani anataka nimpishe. Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anamtazama mkewe. Halafu akavuta kiti, akaketi, akaanza kumenya na yeye. Anamenya vibaya sana. Ni mtu wa boliti.

Jioni tukacheza drafti. Nikamwibia kete mbili. Nikamwuliza kama angependa kubatizwa. Akasema, ni zamu yako. Nikamwuliza tena, nikimtajia faida. Akasema, Njuguna, mimi nimekua na kilemba na nitachomwa na kilemba. Lakini kesho nitakuja kanisani kwako, kwa sababu umesema hiyo msichana wa Norman iko na shida. Na rudisha kete zangu.

Alimjua Norman. Alikuwa akimpa tofi dukani, akija na mimi wakati wa likizo.

Basi nimekosa roho, nimepata shahidi. Lakini nimechukia. Siku mbili za mahubiri na hakuna hata unywele mmoja uliogeuka, na nywele anazo nyingi.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisa lilijaa. Inderjit alivaa suti na kilemba cha zambarau, akakaa mstari wa mbele na Jyoti, watu wakawa wanainuka nusu kuwaangalia halafu wanajifanya wanatafuta kitabu cha nyimbo. Mungai alikuwa kando yao na viatu vyeusi vya mazishi, ananikazia macho.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Kwamba Mungu hulisha watu wake. Ina vipengele vitano, vinne ni vya chakula. Nikasimama. Nikamwona Janice kiti cha tatu, kando ya Waceke. Tangu Jumatano hajanichekea. Hotuba ikapotea yote.

Nikasema nimejifunza kwamba kutosalimia watu njiani ni hatari kwa afya. Wakacheka, isipokuwa Ajwang. Nikasema niliingia nyumba ya mtu, nikaitakia amani, nikala, nikamenya minji. Sikupata roho hata moja. Samahani, Janice. Nikaketi. Niliona wazi kabisa Mungai akitembea pale katikati na mjukuu wangu.

Mchungaji Lornah akamwita Inderjit. Akamwuliza, huyu mzee alileta nini nyumbani kwako?

Inderjit alishika kipaza sauti kama spana. Akasema, huyu Njuguna, miaka thelathini, kila jioni alienda nyumbani na kitu yangu kidogo mfukoni. Boliti, waya, balbu. Mimi nilijua. Safari hii alikuja bila mfuko, na hakubeba kitu. (Mungai alikohoa hapa.) Akasema, mke wangu hajacheka tangu kijana aende. Jana nilisikia kelele jikoni, nikakimbia, nilidhani gesi. Ilikuwa yeye anacheka. Sasa mimi si wa dini yenu na sitakuwa, mzee aliniuliza mara tisa. Lakini kama hiyo mstari yenu inasema mtu aingie nyumba na amani, basi aliingia nayo. Hata kama yeye mwenyewe hajui.

Jyoti alikuwa anatafuta leso kwenye mkoba na haikuwemo.

Lornah akasema wale sabini hawakutumwa kujaza kikapu. Walitumwa kufika kwa mtu na kukaa naye. Waliambiwa wasikawie njiani kwa salamu ndefu ili wafike mapema, si ili wawanunie majirani. Akasema, mzee wetu amepoteza kila kitu njiani, lakini alifika. Karibu Mezani.

Nilikuwa nimeanza kupunga mkono, Mungai akasimama. Akasema kuna suala la viatu.

Lornah akaniuliza viko wapi. Nikasema salama. Akauliza vitarudi lini. Nikasema wiki hii, kabla ya harusi. Nimesema hivyo mbele ya watu mia tatu, wale wale wa jogoo, wameongezeka kidogo. Halafu nikaambiwa nimshike Mungai mkono. Nikamshika. Nikamwomba msamaha wa jogoo, akasema yamekwisha, akafinya vidole vyangu vya minji mpaka vikalia.

Nilikula mkate. Kipande kidogo mno, baada ya miaka mitatu. Janice alinikumbatia mlangoni akasema nanuka dengu.

Jumapili, 17 Agosti

Harusi ilikuwa jana.

Niandike kwa haki. Jumapili ile ile nilivitoa nyuma ya chungu cha Jyoti, nikiwa na nia ya kurudisha viatu Jumatatu. Mvua ikanyesha. Jumanne nikavijaribu kidogo, kuona mtu anayesumbua kanisa zima kwa sababu ya viatu anasikiaje ndani yake. Vilinibana vidole viwili. Jumatano nikavijaza magazeti vipanuke, maana si vizuri kiatu kubana mtu. Ijumaa vilikuwa vimeshika umbo la mguu wangu, na kumrudishia mwenzako kiatu chenye umbo la mguu wa mtu mwingine ni matusi. Tena Janice alikuwa amenishonea suti ya kahawia. Viatu vyangu ni vyeusi na kimoja kimefungua mdomo. Mtu wa Meza hawezi kwenda hivyo.

Nikampeleka. Hatua arobaini na mbili kutoka mlangoni. Kila hatua kiatu kikalia kama bata, na kanisa zima linaujua ule mlio. Mungai alikuwa mbele na mkewe. Aligeuka kabla hajaniona.

Janice akasema bila kuchezesha mdomo, Guka, hivyo ni viatu vya nani? Nikamwambia mstari unakataza kubeba viatu. Kuvaa hausemi. Mkono wake ukaanza kutetemeka kwenye wangu, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko cha Norman kabisa, kile cha mabegani.

Tulipofika mbele nilitaka kumwachilia. Hakuachilia. Akasema, ngoja kidogo, Guka. Tukangoja. Macho yalinitoka maji, na sasa Ajwang anaeneza mtaani kwamba mzee alilia kama mtoto. Ni viatu. Vilikuwa vinabana.

Baada ya keki Mchungaji Lornah alinivuta kando. Wazee wa kanisa watakutana Jumanne kuhusu mimi na Meza. Anasema pia ana mstari mwingine, wa mtu mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Sijausoma, lakini naona moja kwa moja kwamba unamhusu Mungai. Yeye ana viatu jozi tatu.

Wakutane tu. Harusi imepita. Na viatu nitavirudisha, sijasema sitavirudisha, ila nilicheza navyo kwenye nyasi mpaka jioni na haifai kumpelekea mzee wa kanisa viatu vichafu.

Sasa, Mungai. Najua Waceke atakusomea haya, kwa miwani yake, pengine mnasoma sasa hivi mkinywa chai. Una deni langu dogo. Ulilisema mwenyewe pale Karen, mguu mmoja juu. Si jogoo. Naomba rangi ya viatu ya kahawia, kopo dogo, hata likiwa nusu. Mimi nina nyeusi peke yake. Unaweza kunipitishia juu ya ua, si lazima tusalimiane.